Uzi wa Maji Baridi

Mtumbwi uliingia kwenye njia ya viboko asubuhi ya siku ya tatu, na mtu pekee aliyelijua kosa hilo alikaa kimya.

Mtu huyo alikuwa Marselino, kijana wa miaka ishirini na sita, mwalimu mpya anayekwenda Malinyi kuanza kazi, wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka 1955. Alikaa katikati ya mtumbwi juu ya sanduku lake la bati, suruali ndefu, viatu vyeusi, koti amelikunja mapajani lisilowe. Nyuma yake alisimama mwenye mtumbwi, Fransisko, Mpogoro wa kifua kipana kutoka milima ya Mahenge, akisukuma kwa pondo, ule mti mrefu unaokitwa chini ya maji. Mbele, kati ya mifuko ya chumvi na majora ya kaniki, alikaa Mama Verediana, mchuuzi wa samaki wakavu, ambaye tangu Ifakara mdomo wake ulikuwa haujapata likizo.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Barabara ilikuwa imelala chini ya maji, bonde lote limekuwa ziwa lenye nyasi, na anayetaka kwenda Malinyi hakuwa na njia nyingine. Fransisko alikuwa na misimu miwili tu mtoni. Mkondo aliouzoea mwaka uliopita aliukuta umezibwa na magugumaji. Akazunguka, akatafuta, akaona uwazi ulionyooka kati ya matete, akafurahi.

"Njia ya mkato hii," alisema. "Kesho mchana mnakula Malinyi."

Marselino aliutazama uwazi ule. Povu lilikuwa limesimama palepale juu ya maji, haliendi popote. Matete ya pembeni yalikuwa yamelazwa pande zote mbili, na kinyesi kimetapakaa juu ya majani. Tena pondo la Fransisko kila liliposhuka katikati liligonga tuta, na liliposhuka pembeni likazama. Kiboko ndivyo anavyotengeneza njia yake: miguu ya kushoto inachimba mfereji wake, ya kulia wake, na katikati linabaki tuta. Huo haukuwa mkondo hata kidogo, ulikuwa ni mlango wa nyumba ya kiboko mwenyewe.

Sasa kwa nini hakusema? Hapo ndipo mtu unapotamani kumnasa kofi. Hakusema kwa sababu kusema kungemuumbua. Marselino alizaliwa dagoni, kwenye kambi ya wavuvi Wandamba, na mpaka miaka kumi na moja alikuwa hajalala mahali pasiponuka samaki. Shuleni wenzake walimcheka kwa harufu hiyo mpaka akaapa. Kuanzia hapo, kila aliyemuuliza aliambiwa kwamba baba yake ni katekista huko Mahenge, na kwamba yeye pondo hajawahi kulishika. Jana yake tu alikuwa amemweleza Fransisko hivyo hivyo. Fransisko, kwa kuwa huko ndiko kwao, akauliza ni katekista wa kigango gani, na mwalimu wetu akajifanya amesinzia. Leo aanze kueleza amezijuaje njia za viboko? Akaangalia viatu vyake. Akaanza kupanga moyoni maneno ya kumsalimia mwalimu mkuu.

Walikuwa bado wanasonga taratibu pale maji yalipovimba chini yao. Mtumbwi uliinuliwa mzima mzima, ukasikika mlio wa mti unaopasuka, na Marselino akajikuta ndani ya maji, mdomo umejaa matope. Alipoibuka aliona mgongo mweusi unapita karibu ya mkono wake. Aliona Fransisko akiinuliwa juu, akasikia ukelele ambao hakujua kama mwanaume anaweza kuutoa. Halafu kiboko akamwachia, akapita kati ya matete kwa kishindo, na nyasi zikafunga nyuma yake.

"Yesu na Maria!" Verediana alikuwa ameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. "Mkamate! Anazama!"

Marselino alimkamata Fransisko kwapani, akaogelea naye kwa mkono mmoja. Hatua kama arobaini hivi kulikuwa na kichuguu kikubwa kilichochomoza juu ya maji, kina kichaka na mti mmoja mwembamba. Walipanda hapo wakitambaa, Verediana akiuvuta mtumbwi kwa kamba. Sanduku la bati lilikuwa limekwenda, na ndani yake vyeti na suruali ya pili. Koti nalo halikuonekana. Puani mwa mtumbwi vilikuwa vimekwama jora moja la kaniki, sufuria, na kopo la chumvi lenye kifuniko cha kubana.

Jino la kiboko lilikuwa limelipasua paja la kulia la Fransisko, nyama imefunguka kama mdomo. Verediana aliinama, akaangalia bila kupepesa macho.

"Hairuki," alisema.

"Nini hairuki?"

"Damu. Inatoka, lakini hairuki. Ingeruka, hapa tungekuwa tunamwombea roho. Lete maji."

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo maji safi hayakuwa tabu. Walikinga kwa sufuria, wakatia chumvi, wakaosha kidonda huku Fransisko akiuma kipande cha kijiti na kuwatukana kwa Kipogoro. Walichana kaniki, wakafunga. Kisha Verediana akapanguza mikono, akasema yale ambayo wote waliyafikiri.

"Leo bado ni kidonda. Keshokutwa kitakuwa kimeoza. Tukingoja wapita njia hapa, huyu bwana tutamzika humu humu majini."

Hapakuwa na mpita njia. Pande zote ni nyasi na mvua, na milima haikuonekana. Maji yalikuwa yanapanda pia. Kijiti ambacho Marselino alikichomeka ukingoni kilikuwa kimefunikwa nusu. Waliuburuta mtumbwi juu, wakaona ufa ubavuni wenye urefu wa mkono mzima. Marselino alichimba udongo wa kichuguu, ule unaonata, akaukanda kwa maji, akashindilia vipande vya kaniki ndani ya ufa na kuvikandika udongo ule juu. Alifanya haraka, bila kuuliza mtu. Verediana alimtazama muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "ulipotoka majini ulikuwa na nini mkononi?"

Marselino akaangalia. Pondo lilikuwa limelala kando yake. Alikuwa ameogelea nalo kwapani, hata hakumbuki alilichukua saa ngapi.

"Mtu wa nchi kavu mtumbwi ukizama anadaka sanduku," Verediana alisema. "Wewe umeacha vyeti vya serikali, umedaka mti. Katekista gani huyo aliyekufunza?"

"Baba yangu ni mvuvi," Marselino alisema. Maneno yalitoka madogo, na masikio yakamuwaka moto.

"Alaa! Sasa ndiyo tumeanza kuzungumza. Simama nyuma, baba, tuondoke."

Aliyasema hayo, lakini lile la njia ya viboko hakulisema. Lilibaki tumboni mwake.

Walimlaza Fransisko katikati. Verediana alikaa mbele na sufuria, akifua maji yaliyopenya kwenye ufa na kuyamwaga nje, kwa kuwa udongo ulipunguza tu, haukuzuia. Marselino alivua viatu vilivyojaa matope, akaviacha pale juu ya kichuguu, akasimama nyuma peku. Miaka kumi na mitano hakuwa amesimama namna hiyo. Nyayo zilitafuta mahali pake kidogo, halafu zikakumbuka.

Tatizo lilikuwa njia. Bila milima huwezi kujua Malinyi iko wapi, na bila mkondo unaoonekana unaweza kuzunguka siku nzima na kurudi kwenye kichuguu kile kile. Ila alijua jambo moja. Maji ya mto mkubwa ni mekundu na ya vuguvugu. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Mahenge, upande wa Malinyi, ni ya baridi, na hata yakiingia kwenye mafuriko hayachanganyiki mara moja. Yanapita chini ya nyasi kama uzi. Ukiinua pondo, maji ya chini hupanda nalo na kukutiririkia viganjani. Yakiwa baridi, umeupata uzi. Ufuate kule unakotoka, na utafika mlimani.

Basi akaanza. Kukita, kusukuma, kuinua, kusikiliza viganja. Vuguvugu. Akaelekea kushoto. Vuguvugu. Kushoto zaidi. Baridi! Alikaribia kupiga kelele. Waliufuata uzi huo mpaka jua, ambalo hawakuliona, likawa utosini.

Halafu mawazo yakaanza kutangatanga. Kwanza alifikiri juu ya mwalimu mkuu: atafikaje mbele yake peku, bila cheti? Atasema sanduku lilizama. Na sanduku lilizama kwa sababu gani? Kwa sababu ya kiboko. Na kiboko alitokea wapi? Akatunga hadithi, akaifuta, akatunga nyingine. Fransisko akifa, nani atajua? Hakuna. Akashtuka kwa wazo hilo, akatunga jingine la kulifunika. Mikono iliendelea kukita na kusukuma, yenyewe, bila bwana.

"Mwalimu," Verediana aliita. "Kichaka kile si tulikipita?"

Aliinua pondo. Maji yaliyotiririka viganjani yalikuwa ya vuguvugu kama uji uliopoa. Hakujua wameupoteza uzi tangu saa ngapi. Alitafuta kulia, akatafuta kushoto, akasukuma mpaka mabega yakawaka, na maji yote yalikuwa yale yale. Mchana mzima ulikuwa umepotea. Walipata kichuguu kingine, kidogo, chenye siafu upande mmoja, wakapanda upande wa pili.

Fransisko alikuwa na homa. Midomo ilimkauka, macho yanang'aa, na walipofungua kitambaa kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Verediana aliosha tena kwa chumvi. Chumvi ilibaki robo kopo.

Marselino alichuchumaa mbele ya mgonjwa. Alikuwa anaogopa, na safari hii hakuogopa kuchekwa.

"Kaka Fransisko. Ile njia ya asubuhi, niliiona."

"Uliona nini?"

"Niliona kuwa ni ya viboko. Kabla hatujaingia. Niliona povu, niliona kinyesi, nikasikia pondo lako linagonga tuta. Nilinyamaza ili msijue kwetu ni dagoni."

Fransisko alijiinua kwa kiwiko. Kisha akaokota sufuria iliyokuwa karibu yake na kumtupia. Haikuwa na nguvu; ilimgonga Marselino kifuani, ikaanguka.

"Nina watoto watano," Fransisko alisema. "Watano! Mguu huu ndio unaowalisha. Na wewe ulikuwa unaona haya kunuka samaki?"

"Ndiyo."

"Toka mbele yangu."

Marselino akainuka. Machozi yalimtoka, akayaacha. Verediana hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alizamisha mkono majini kando ya kichuguu, akang'oa mashina ya yungiyungi, akamenya vile viazi vyake vidogo na kumpa kila mmoja viwili.

"Kula," alimwambia Marselino. "Ukitaka kulia, kesho utalia huku unasukuma. Lakini safari hii uwepo. Leo mchana ulikuwa hupo, mimi nilikuwa nasafirishwa na suruali tupu."

Walilala kwa kuegemeana, mgonjwa katikati, mvua ikiwapiga.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imepungua. Marselino alisimama nyuma, akakita pondo, akainua. Vuguvugu. Hakukasirika. Hakuwa na hadithi tena ya kupanga, kwa kuwa ukweli wake ulikuwa umekwisha semwa na kilichobaki ni kazi. Akakita tena. Matope laini. Tena. Mchanga. Mchanga maana yake maji yalipita hapo kwa nguvu. Akafuata mchanga, hatua kwa hatua, na mara ya ishirini hivi maji yaliyomshukia viganjani yalimfanya avute pumzi kwa ubaridi.

Kuanzia hapo hakuuachia. Wazo likija, na yalikuja, la mwalimu mkuu, la baba yake, la watoto watano, aliliona linakuja, akarudi viganjani. Baridi. Kukita, kusukuma, kuinua. Baridi. Alisikia sufuria ya Verediana ikikwangua. Alisikia pumzi ya Fransisko, na kila aliposikia imekatika alingoja mpaka irudi, ndipo akasukuma. Kwenye kichuguu kimoja walisimama sheshe watatu, wale swala wa bondeni, manyoya yamelowa, wakiwatazama bila kukimbia kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Harufu ya nyasi zilizooza na ya samaki ilipanda kutoka majini. Ilikuwa harufu ya mama yake akianika kambale. Aliivuta mpaka mapafu yakajaa.

Na hapo akagundua kwamba ana furaha. Jamani, ilimshtua! Ana njaa, viganja vimechubuka, hana cheti wala viatu, kuna mtu anayeweza kufa kwa sababu yake miguuni pake, na yeye ana furaha. Hakuwa anataka kuwa mahali pengine popote, wala kuwa mtu mwingine. Aliona aibu kidogo, halafu aibu nayo ikapita, kwa sababu pondo lilikuwa linashuka na ilibidi ajue limegusa nini.

Karibu na saa sita nyasi zilikatika ghafla. Mbele yao ulipita mkondo mkubwa, mwekundu, unaokwenda kwa kasi na magogo. Uzi wa baridi ulikatika hapo, na ulikotoka ni ng'ambo.

"Hapa hapavukiki," Verediana alisema.

"Panavukika. Fua maji, mama, usiangalie."

Aliangalia magogo. Lilipita moja, likapita la pili, na kati yao pakatokea nafasi. Hakuihesabu, aliingia. Mkondo uliushika mtumbwi na kuugeuza pua. Pondo halikufika chini. Alilitumia kama kafi, akapiga kushoto, kushoto, kushoto, na gogo lenye matawi likawajia ubavuni, upande wenye ufa. Hakufikiri ng'ambo wala nyuma. Aliona tawi lililo karibu zaidi, akalikita pondo kwenye shina lake, akasukuma kwa uzito wake wote. Gogo likageuka, tawi likamchana begani, likapita. Udongo wa ufa ulikuwa umetoka wote na maji yakaingia kwa wingi.

"Tunazama!" Verediana alipiga kelele.

"Bado. Fua!"

Pondo likagusa chini. Mchanga. Akasukuma mara tatu, nne, na pua ya mtumbwi ikaingia kwenye nyasi za ng'ambo. Maji yaliyomtiririkia viganjani yalikuwa baridi kweli kweli, na mawingu yalipofunguka kidogo milima ya Mahenge ilikuwa mbele yao, karibu, kijani.

Fransisko alifumbua macho. "Ni kwetu kule," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni kwenu," Marselino alijibu. "Usilale."

Walifika Malinyi jua likiwa linashuka. Wanawake waliokuwa wakiloweka mihogo ukingoni waliuona mtumbwi uliojaa maji nusu, wakapiga yowe, na wanaume wakaja na kitanda cha kamba kumbeba mgonjwa mpaka zahanati. Verediana alitembea nyuma yao akisimulia kwa sauti kubwa, kila anayekutana naye akianza mwanzo. Hakuna alipomsitiri mwalimu, wala hakumwongezea chumvi.

Mganga wa zahanati, mtu mzima aitwaye Viktor, alifungua kitambaa, akanusa, akabonyeza nyama pembeni kwa kidole. Marselino alisimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Nani aliosha kwa chumvi?"

"Mimi," Verediana alisema.

"Umeokoa mguu, mama. Mngefika kesho, ningekata. Leo nitakwangua nyama iliyokufa, nitashona nusu, nusu niiache itoe uchafu. Ila dawa ya kuondoa maumivu imekwisha na barabara imefungwa. Nataka mtu wa kumshika."

Wanaume wawili wenye nguvu walisogea. Fransisko akatikisa kichwa. Alimtafuta Marselino kwa macho, akamwona pale mlangoni, tope mpaka magotini, shati limechanika, bega linavuja damu.

"Huyo," alisema.

Marselino akaja. Alipiga magoti, akaukamata mguu kwa mikono miwili, mmoja chini ya goti na mwingine kwenye kifundo.

"Sijakusamehe," Fransisko alisema.

"Najua, kaka."

"Nitakuchukia miaka mingi tu."

"Sawa."

"Lakini unajua kushika. Shika."

Viktor alichovya kisu kwenye maji yaliyochemka. Nje palisikika sauti ya mtu mwenye cheo, sauti iliyozoea kutiiwa, ikiuliza kama ni kweli kwamba mwalimu mpya amefika, na kama amefika, kwa nini hajaja kujitambulisha.

"Shikamoo mwalimu mkuu," Verediana alimjibu. "Yumo ndani, kashika mguu wa mtu. Mngoje hapo."

Kisu kiligusa nyama. Fransisko alikakamaa, mguu ukaruka, na Marselino akausikia uzito wake wote viganjani, joto la homa, mshipa unaopiga chini ya kidole gumba. Hakugeuka kutazama mlangoni.

"Vuta pumzi," alisema. "Toa. Vuta tena. Nipo."